Watoto Sita wa Stoo

Kwako mdogo wangu wa mwisho, fundi wa saa za watu,

Nakusalimu kwa mwandiko huu uliopinda. Ukikwama kwenye neno usiisingizie miwani yako, kosa ni la mwandishi. Vipi macho? Na lile goti lililokuwa likikulalamikia kila ukipanda ngazi za kwenu, limenyamaza au bado lina maneno? Wifi yangu hajambo? Mwambie shuka aliloniletea ndilo nimejifunika hapa ninapoandika. Watoto nao wasalimie, na wajukuu, hasa yule anayeniita shangazi mkubwa kana kwamba kuna aliyeniomba niwe mdogo.

Mimi nikikwambia sijambo nitakuwa nimeianza barua kwa uongo, na hii sitaki iwe na uongo hata wa salamu. Daktari amesema moyo umechoka. Nilimuuliza umechoka kiasi gani, akaanza kunieleza habari za kupumzika na kula matunda, nikaelewa. Mpwa wako ananitunza vizuri. Ananiwekea mto mgongoni, ananipa kalamu, halafu anajifanya anapanga vikombe ili achungulie ninachoandika. Nimemwambia hii ni barua ya wakubwa. Amenijibu kwamba ana miaka hamsini na miwili, sasa huo ukubwa utamfikia lini?

Juzi alinisomea ujumbe wako. Umesema chuo cha ualimu kimekualika useme machache Jumamosi, watakapokipa chumba cha mafunzo jina langu, na kwamba wewe huna hotuba ila utawasimulia habari ya ufunguo wa stoo. Najua utaisimulia vizuri. Umeisimulia kwenye harusi yangu, kwenye ubatizo wa huyu anayepanga vikombe, hata siku tuliyomzika baba uliisimulia watu wakapata kucheka kidogo. Ndiyo maana naandika leo, sikungoja kesho. Kabla hujasimama mbele ya wale walimu, nataka uisikie habari hiyo kutoka upande wangu wa mlango.

Unaikumbuka njia yetu ya kwenda shule? Mimi nikisukuma baiskeli kwa sababu mnyororo ulikuwa ukitoka kila tukifika kwenye kona ya fundi seremala, wewe umebeba madaftari yangu kichwani, umenyoosha shingo kama unabeba mayai. Mama alikuwa akipiga pasi sketi yangu ya kazi kwanza, ndipo shati lako, maana alisema pasi ikipoa mwalimu ndiye atakayeaibika, mwanafunzi ana kisingizio. Nyumbani nilikuwa dada, tukivuka lango la shule nilikuwa mwalimu, na wewe ulikuwa ukibadilika palepale langoni, mdomo unafungwa kama dirisha. Wenzako walikuita Kobe. Nilikusikia ukiitwa hivyo, sikuwakataza. Nadhani hata mimi nilikuita hivyo moyoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwaka wa pili kazini, sijathibitishwa bado. Asubuhi moja Kengele, yule mwalimu mkuu wetu mwenye sauti isiyohitaji kengele, alituita ofisini akasema mkaguzi wa elimu anakuja baada ya wiki mbili. Safari hii mkaguzi hataki kusikia mwalimu akizungumza. Anataka somo la Kiingereza ambalo wanafunzi ndio wanaosema, wanaouliza, wanaoshiriki. Tukatazamana. Mwalimu wa hesabu akasema watoto kusema si tatizo, wanasema kutwa nzima, tatizo ni kuwaomba waseme Kiingereza. Mwingine akauliza watashiriki vipi na sisi tulifundishwa kwa kunyamazishwa? Kengele akasema maswali hayo tumuulize mkaguzi, yeye anachotaka ni jina la mtu. Wote wakanigeukia mimi. Mdogo wa wote ndiye hutumwa maji, wakasema, na huyu ametoka chuoni juzi, bado ana moto. Kisha Kengele akanibakiza mlangoni akaniambia kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilisikika mpaka darasa la pili, kwamba barua ya kunithibitisha itategemea siku hiyo.

Mdogo wangu, niliogopa. Baba alikuwa ameshaanza kukohoa kile kikohozi chake, na mimi ndiye niliyekuwa tegemeo. Kwa hiyo nilifanya kitu ambacho walimu wengi wamekifanya wala hawakisemi. Niliandika maswali thelathini na nane na majibu thelathini na nane. Kila dawati na jibu lake. Wa kwanza karibu na mlango, jina lake. Wa pili, anakoishi. Wa tatu, rangi ya ubao. Wa saba, ng'ombe ana nini. Wa nane, kazi ya baba yake. Wa tisa, hii ni nini, nami nainua penseli. Kila siku kwa wiki mbili tuliimba majibu hayo mpaka watoto wakawa wanayatamka wakiruka kamba. Hawakuhitaji kusikia swali. Kidole changu kikielekea kwenye dawati, jibu linatoka, kama kubonyeza swichi.

Lakini darasa la nne lilikuwa na watoto arobaini na wanne. Waliobaki walikuwa sita. Yule msichana aliyekuwa na kigugumizi. Wale pacha waliohamia katikati ya mwaka. Yule wa kulala darasani. Yule mnene aliyecheka kila akiulizwa kitu. Na wewe. Wewe nilikupa jibu la rangi ya ubao, ukanitazama mpaka nikaona haya mimi, hukutoa sauti. Nilikupa lingine, fupi zaidi, la neno moja. Hukulisema. Nyumbani nilikukalisha jikoni na kukusahihisha kila ulipofungua kinywa, kabla hata hujamaliza, mpaka mama akaniambia nikuache ule.

Hapo sasa ndipo unapoanza wewe kusimulia. Unasema: asubuhi ya siku ya mkaguzi, dada aliniita pembeni, akaniambia wewe ndiye ninayemwamini kuliko wote, shika ufunguo huu, chagua wenzako watano, mkalinde stoo ya shule, asiingie mtu yeyote mpaka nije mwenyewe. Kweli nilisema hivyo, neno kwa neno. Ila hukuwachagua wewe. Niliwataja mimi, mmoja mmoja, ukadhani umewachagua. Na stoo haikuhitaji mlinzi, kobe wangu. Ndani mlikuwa na mafagio, makopo ya rangi iliyokauka, madawati yaliyovunjika miguu na mpira usio na upepo. Nani angeiba mpira usio na upepo? Niliwaficha. Nyinyi sita ndio mngeniharibia somo, nikawaweka pamoja na vitu vilivyoharibika.

Sasa nikupe ya darasani, maana hiyo hukuiona. Mkaguzi aliingia, mtu mnene, mpole, viatu vinang'aa, anahema kama aliyepanda mlima. Hakukuwa na kiti. Akasema atakaa mbele tu, hapo kwenye dawati la kwanza, mtoto amsogelee mwenzake. Watoto wetu, unawajua walivyolelewa. Wa kwanza alisimama akarudi nyuma kwenye dawati la pili, wa pili akarudi la tatu, wakahama wote kwa adabu, kimya, mpaka wa mwisho akapata nafasi ya mmoja wenu. Mimi nilikuwa nafuta ubao. Nilipogeuka niliona madawati yamejaa, nikaruka la mkaguzi, nikaanza.

Nilikuwa nikitazama madawati, sikutazama nyuso. Yale ya mwanzo yalinipita, nadhani nilijua kuna kitu hakiko sawa lakini mdomo uliendelea. Nikamuuliza wa nane baba yake anafanya kazi gani, akasimama wima akajibu kwa furaha yake yote kwamba ana miguu minne na mkia. Nikainua penseli nikauliza hii ni nini, mtoto akanijulisha kwamba ni daktari wa meno. Nikaendelea. Mungu wangu, niliendelea, jasho linanitiririka mpaka kwenye ile sketi ya mama. Na unajua kilichoniua ni nini? Hakuna mtoto hata mmoja aliyecheka. Watoto thelathini na wanane, mtu anaambiwa baba yake ana mkia, darasa kimya. Hawakucheka kwa sababu hakuna aliyeelewa swali wala jibu. Mkaguzi alifunga daftari lake taratibu, akaniambia asante mwalimu, angependa kunyoosha miguu kidogo.

Tulitoka barazani. Nilijua kazi imekwisha, nilikuwa natafuta tu maneno ya kumwambia baba. Tukafika karibu na stoo, na ndani kukasikika vicheko. Mkaguzi akasimama. Mlango ule ulikuwa na ufa upana wa kidole. Akainama akachungulia, akaniashiria ninyamaze, nami nikachungulia juu ya kichwa chake.

Mlikuwa mmefanya duka. Wewe umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, vitu vyote vya stoo viko nyuma yako, na wateja watano wamepanga foleni. Hakuna anayepewa kitu mpaka akiombe kwa Kiingereza. Yule wa kulala, macho makavu kabisa, akaomba ufagio: giv mi bruumu pliizi. Ukamuuliza mkubwa au mdogo, bigi o simoo, akafikiri, akataka mkubwa. Msichana wa kigugumizi akataka kopo, jina la kopo hajui. Nikasubiri anyamaze, kama anavyonyamaza kwangu. Akasema, ai donti no. Wewe ukamjibu, mi tuu, hata mimi sijui! Mkaangua kicheko nyote, kisha mkaanza kulitafuta hilo neno pamoja, mmoja anasema hili, mwingine anakataa, pacha mmoja anadai alilisikia kwa mwalimu wa shule yake ya zamani, yule mnene akasema twende na boksi la rangi kwa leo, kesho tutamuuliza ticha. Mlikosea karibu kila kitu. Na mlikuwa mnazungumza. Ni kwa mwalimu tu Kobe alikuwa haongei. Kumbe na wenzake alikuwa akimiminika.

Robo saa nzima mkaguzi aliinama pale na tumbo lake lile. Kisha akagonga. Na hapa ndipo watu wanapochekea kila ukisimulia: ukauliza huu? yaani nani, kwa sauti nzito, akajitambulisha kwa cheo chake chote, ukamjibu noo, ticha sei noo, ukakataa kufungua. Alicheka mpaka akashika ukuta. Wewe husema, nilimzuia mkaguzi mzima kwa sababu dada aliniamini. Ni kweli ulimzuia. Ila hukusikia alichoniuliza akiwa bado anafuta machozi. Alisema kwa miaka yote ya ukaguzi wake hajawahi kumsikia mtoto akisema sijui kwa Kiingereza, kwa sababu wote hufundishwa kujua. Akaniuliza kama hili nililipanga mimi.

Nilijibu ndiyo. Nilisema ni kikundi changu cha mazoezi.

Haikuchukua hata pumzi moja. Nimeishi miaka karibu sitini baada ya pumzi hiyo. Nilithibitishwa kazini. Mwaka uliofuata wakaniita niwaonyeshe walimu wengine, halafu chuo kikanichukua, nikafundisha walimu mpaka nikapata mvi, wakanipa jina la Bibi Shirikisha. Duka la darasani, foleni, mwanafunzi kumuuliza mwanafunzi, ruhusa ya kusema sijui, na mwalimu kukaa kimya ahesabu mpaka kumi kabla ya kusahihisha: kila nilichofundisha nilikiona kwenye ufa wa mlango ule. Sikubuni hata kimoja. Watu wananisifu kwamba nilikuwa na kipaji cha kuwasikiliza watoto. Nilikuwa na jicho moja na ufa.

Hilo lingekuwa peke yake, ningekwambia siku yoyote na ungecheka ukanisamehe. Kuna la pili, na ndilo linaloninyima usingizi wa mchana, maana wa usiku ulishakwisha.

Ulipomaliza la saba, alama zako zilisimama kwenye mstari, si juu wala chini. Watoto wa namna hiyo, shule ya sekondari iliomba maneno ya mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu wa Kiingereza ni mimi. Kengele aliniwekea karatasi mezani akasema andika unavyomjua, sentensi mbili zitatosha kumvusha. Niliandika: Ni mtoto mtaratibu. Hashiriki darasani.

Miaka mingi nilijiambia nilisema ukweli. Mbele yangu hukushiriki, ni kweli. Lakini mimi nilikuwa binadamu pekee katika shule ile aliyejua kwa nini, na ni nani aliyekuzoesha. Niliandika hivyo kwa hofu. Ile ripoti ya mkaguzi mama aliitia fremu akaitundika sebuleni, unaikumbuka, juu ya redio. Imeandikwa kwa Kiingereza. Wageni walisoma mstari wa mwisho wenye jina langu wakapiga makofi. Wewe ndiye uliyeifuta vumbi kila Jumamosi, kwa kitambaa cha manjano, kwa uangalifu, kwa sababu ilikuwa sifa ya dada. Niliona nikikuvusha, siku moja utakuwa na Kiingereza cha kutosha kuisoma. Watoto wako walipoanza shule niliiondoa ukutani nikasema imeliwa na mchwa. Haikuliwa. Ninayo hapa chini ya mto, nakutafsiria aya ya pili:

"Somo la darasani lilikuwa la kukariri. Lakini kikundi cha wanafunzi sita kilichokuwa stoo kilizungumza Kiingereza bila woga kuliko wanafunzi wowote niliowasikia mwaka huu. Kiliongozwa na mvulana mdogo aliyekaa kwenye ndoo. Mvulana huyu ni mwalimu wa kuzaliwa. Aendelezwe."

Aendelezwe. Baba aliisoma karatasi yangu asubuhi, kikombe cha chai mkononi, akasema basi, kama hashiriki ana mikono, apelekwe kwa fundi saa. Ukapelekwa. Hukulalamika. Ulisema ni afadhali, saa hazimkatizi mtu. Ukawa fundi mzuri mpaka watu wanavuka mji kuja kwenye kibanda chako. Lakini nimewahi kukaa pale kwenye benchi lako, akaja mteja mgeni, nawe ukamwita jirani aje akutafsirie, ukanigeukia ukicheka, ukasema Kiingereza kilinikataa tangu kwa dada yangu mwenyewe. Nilicheka nawe. Sijui nilikichekaje kicheko kile.

Hakikukukataa. Ni mimi niliyekukataa, nikajua ninachofanya.

Sasa la Jumamosi. Nimemwandikia na mkuu wa chuo, nimemweleza yote haya, na nakala ya ripoti nimemwekea. Barua imekwenda jana. Mpwa wako aliipeleka posta mwenyewe bila kujua amebeba nini, akarudi ananiambia foleni ilikuwa ndefu kweli. Sikutaka kukuachia wewe uamuzi kwa sababu nakujua. Ungenihurumia. Ungeikunja barua hii ukaitia kwenye droo ya vipuri, kisha Jumamosi ungesimama ukasimulia ufunguo, watu wakacheka, nami nikafa nikiwa dada aliyekuamini. Huruma yako nimeila maisha yangu yote, inatosha. Chumba wakikipa jina langu, au la mwingine, au wakikiacha na namba yake, hilo si langu tena. Na wewe ukienda useme unachotaka, au usiende.

Nakuomba kitu kimoja, na una haki ya kuninyima. Njoo Ijumaa. Usilete matunda. Njoo hata kama umekasirika, hasa kama umekasirika. Tangu ukiwa mtoto hujawahi kunijibu mimi dada yako, na nilikuwa nikiita hiyo heshima. Kaa kwenye kiti kile cha dirishani, unitazame usoni, useme yako yote, polepole utakavyo. Nitanyamaza mpaka umalize.

Msalimie wifi, na usimfiche barua hii, yeye ndiye aliyeishi na mtu niliyempunguza. Wabusu wajukuu wote. Mpwa wako anakusalimu, ameacha vikombe sasa, amesimama mlangoni anauliza mbona nalia.

Ni mimi,
dada yako mkubwa, aliyekuwa mwalimu wako.